Bechar na Mate ya Kuvu

Hapa Narol, mtaa wetu wa viwanda, wako akina Bechar wengi. Yuko Bechar wa baiskeli, yuko Bechar mrefu, na yuko Bechar wa hekaluni ambaye hakuna anayejua hasa anafanya kazi gani. Huyu wetu alikuwa Bechar wa Mawe, jina kamili Bechar Vaghela, fundi mkuu wa mashine katika kiwanda cha udobi cha Kirtibhai. Mtu wa kitambi kidogo, masharubu mazito, na moyo unaovimba upesi ukimsifu na kusinyaa upesi zaidi ukimcheka.

Kazi ya kiwanda chetu ni kuzeesha suruali. Jinzi zinaletwa mpya, ngumu kama mbao, zimeiva nili, ile rangi ya buluu, na wanunuzi wa ng'ambo wanazitaka zionekane kama zimevaliwa na baba yao, kisha kaka yao, ndipo zikawafikia wao. Zamani tulizizeesha kwa mawe, yale mepesi yenye matundu ambayo kina mama husugulia visigino. Unayatia ndani ya mashine pamoja na suruali na maji, mashine inazunguka, mawe yanaipiga nguo hadi rangi inaachia. Bechar aliyachagua mawe yale kama mama mkwe anavyomchagua mkaza mwana: analigeuza jiwe, analinusa, analipima mkononi, analitafutia kasoro, na mwishowe analikubali kwa kusikitika.

Kelele zake sasa. Ilikuwa kama treni ya mizigo inapita sebuleni na haimalizi kupita. Sisi wanawake wa meza ya ukaguzi, tuliokaa chumba cha pili tukikata nyuzi na kutafuta matundu, tulizungumza kwa mikono na nyusi. Bechar alikaa katikati ya kelele hizo tangu ujana wake, na masikio yake yakaenda na mawe. Akikunong'oneza siri, safu nzima ya nyumba zetu inaijua. Nasema hivyo kwa sababu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ninayajua mambo yake mengi ambayo sikuwahi kuyaulizia.

Basi akaja Nilofar Mansuri. Msichana mwembamba wa miwani, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchachusha huko Vatva, na alikuja nyuma ya pikipiki ya mzigo akiwa amelikumbatia pipa la plastiki kama mtu aliyebeba mgonjwa. Kirtibhai, tajiri wetu, ndiye aliyemwita. Mawe yalikuwa yanamlia mashine zake. Yalisagika yakawa tope, tope likaziba mifereji, na vumbi lake lilijaa kwenye mifuko ya suruali hata wanunuzi wakalalamika kwamba wanauziwa mchanga.

Tulikusanywa wakati wa chai, na Nilofar akatueleza. Kuna kuvu, alisema, inayoota kwenye majani yaliyooza na kwenye vitambaa vya pamba vikipata unyevu. Haina mdomo wala tumbo. Ikitaka kula, inatema mate nje, mate yanakilainisha chakula, kisha inakifyonza. Mate hayo kitaalamu huitwa kimeng'enya. Kiwandani kwao wanaifuga kuvu hiyo kwenye matangi makubwa, wanailisha, wanachukua mate yake. Ukiyatia kwenye maji ya vuguvugu pamoja na jinzi, yanaguguna vile vinyweleo vya juu vya pamba, na nili ya jinzi imekaa huko huko juu, kwa hiyo inatoka navyo. Hakuna mawe, hakuna tope.

Bechar alikuwa amemimina chai yake kwenye kisosi. Hakuinywa.

"Yaani, binti yangu, unataka nifue nguo kwa mate."

"Ndiyo, ami Bechar."

"Mate ya kuvu."

"Ya kuvu, ami."

Bechar akamgeukia Kirtibhai. "Bosi, nyumbani kwangu mkate ukiota kuvu tunautupa. Mke wangu hata mikono ananawa. Hapa unataka niipe ajira?"

Tulicheka, naye akavimba, akainywa chai yake. Lakini Kirtibhai alikuwa ameshaamua, na kesho yake mashine ya kwanza ikajaribiwa.

Nilofar alipima joto la maji, akatia siki kidogo ili maji yapate ukali, akamimina kikombe chake cha mate, akafunga mlango wa mashine. Ikaanza kuzunguka. Suruali ziliinuka na kuanguka kwenye maji, pwa, pwa, pwa, kama mtoto anayeogeshwa kwenye beseni. Mashine nyingine zilikuwa zimezimwa ili watu watazame. Sisi mezani tukainua vichwa tukidhani umeme umekatika.

Ndipo tukasikia mtu anaimba.

Alikuwa Bechar. Alisimama ameegemea mashine, mkono mmoja juu ya chuma, macho ameyafumba, na alikuwa anaimba ubeti mmoja wa kumsihi Krishna arudi nyumbani. Ukiisha anauanza tena. Na kwa sauti ile, Krishna angekuwa na sababu nzuri ya kukaa huko huko aliko. Kumbe miaka yote ile, chini ya ngurumo ya mawe, mtu huyu alikuwa anaimba kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyejua. Pengine hata yeye mwenyewe hakuwa anaisikia sauti yake. Mwenzangu mmoja alijitahidi kuzuia kicheko kwa kuuma kitambaa, kikamtoka puani, na kikitoka cha mmoja vinatoka vyote.

Bechar akafumbua macho. Akatuona sote mlangoni, na Nilofar, na Kirtibhai na simu yake mkononi. Akafunga mdomo. Suruali zilipotolewa zilikuwa nzuri, zimefifia taratibu kama mbingu ya asubuhi, lakini yeye alizishika kwa vidole viwili akasema zimelegea kama mchicha, na kwamba mate hayana nguvu, ni mchezo wa watoto wa shule.

Jioni nilimsikia kupitia ukuta akimshtakia mkewe, Hansaben.

"Wamenicheka, Mama Alpa. Kiwanda kizima."

"Wamechelewa," Hansaben akasema. "Mimi nilianza mwaka tuliooana."

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo alikwenda kazini na mdomo umefungwa kama mkoba. Alifanya alivyoambiwa, akatia mate, akapima joto, na kila aliyepita alimweleza kwamba kitu hiki hakifui, kinabembeleza. Hatimaye akaamua kututhibitishia sote kwa vitendo.

Mpwa wake, binti wa dada yake anayeishi mji wa Anand, alikuwa anaolewa. Kwetu mjomba ndiye anayempeleka bibi harusi kwenye kibanda cha ndoa, na familia yao wana desturi kwamba hampeleki kwa kumshika mkono, anambeba. Kwa shughuli hiyo Bechar alikuwa ameshonewa suruali mpya ya pamba nzito, rangi ya maziwa, ngumu kiasi kwamba ilisimama yenyewe. Akaileta kiwandani siku ambayo Nilofar hayupo. Akaitumbukiza ndoo moja, maji ya vuguvugu, siki, na mate ya kutosha mashine nzima. Kila akipita anaikoroga kwa fimbo. Tulipokwenda kula alikuwa anaikoroga, tuliporudi bado. Alipoitoa aliisuuza kwa maji baridi akatuzungushia mezani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Shikeni. Tafuteni tundu. Dada Jasu, wewe kazi yako ni kutafuta matundu, niambie umeona lipi."

Niliitazama kwenye mwanga. Haikuwa na tundu. Ilikuwa laini kama sikio la ndama.

"Siku nzima kwenye mate," akatangaza, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayofika barabarani. "Siku nzima, na hata uzi mmoja haujakatika. Mwambieni binti wa Vatva."

Akaiviringisha ikiwa bado mbichi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaisahau chini ya kitanda mpaka Hansaben alipoikuta akifagia. Akaianika, akaipiga pasi, na hata yeye alisifu ulaini wake.

Harusi ilikuwa ya mchana, na mimi nilikuwepo. Bendi ilikuwa na tarumbeta zaidi ya zinazohitajika. Mjomba alipoitwa, Bechar akajitokeza kwenye suruali yake rangi ya maziwa, masharubu yamepakwa mafuta, akapiga magoti mbele ya mpwa wake kama mtu anayetaka kunyanyua gunia la mchele. Mpwa mwenyewe hakuwa mwepesi, na sari yake ya harusi peke yake ilikuwa mzigo. Bechar akavuta pumzi, akainuka naye.

Suruali haikupiga kelele. Nguo nzima, ikipasuka, inalia. Hii haikuwa na nguvu hata ya kulia. Iliachia tu, kutoka mkandani nyuma hadi karibu na goti, polepole, kama karatasi iliyolowa. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona chupi ya mistari ya buluu. Yeye alihisi upepo. Nilimwona anasimama, shingo imekakamaa, mpwa mikononi.

"Mjomba, usiniangushe," bibi harusi akasema.

"Sikuangushi."

"Mbona umesimama?"

"Napumzika."

Hakuweza kumweka chini, maana kumweka chini kabla ya kufika kibandani ni mkosi, na hakuweza kupeleka mkono nyuma, maana mikono yote ilikuwa na kazi. Hapo ndipo Hansaben, ambaye hakuna aliyemwona akitoka kwenye safu ya wanawake, alipokuja akasimama nyuma yake, karibu kabisa, akalitandaza pindo la sari yake kama pazia. Wakaenda hivyo, mume mbele amebeba bibi harusi, mke nyuma amebeba heshima ya mume, hatua kwa hatua hadi kibandani. Wageni wa upande wa bwana harusi walidhani ni desturi ya ukoo. Mzee mmoja wa kwao alisema ni desturi nzuri, mbona kwao imepotea.

Niliyekaa naye karibu kwenye basi la kurudi alikuwa Hansaben. Tukaanza kuona mabomba ya moshi ya viwanda vyetu. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, na mimi nikashindwa, na Bechar kiti cha mbele akiwa amejifunga shuka la kukodi hakugeuka.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Nilofar getini. Nilidhani atagomba. Alimpa ile suruali ikiwa imekunjwa, akasimama na mikono nyuma. Nilofar akaikunjua, akavuta kitambaa kidogo kwa vidole viwili, kikaachana kama mkate wa ufuta.

"Uliisuuza na maji ya moto, ami?"

"Baridi."

"Ukaianika hapo hapo?"

Bechar akatazama viatu vyake. "Ilikaa kwenye mfuko. Kidogo."

Nilofar hakucheka, na nadhani kwa hilo alimpata Bechar maisha yake yote. Alimweleza kwamba mate hayajui kushiba. Yataguguna vinyweleo, yakimaliza yataingia kwenye uzi wenyewe, yataendelea hivyo hivyo maadamu kuna unyevu na uvuguvugu, taratibu, bila kuonyesha chochote. Ndiyo maana mwisho wa kila mzigo lazima maji yapandishwe moto karibu ya kuchemka, au yatiwe magadi, ili mate yafe. Mawe ukiyatoa yametoka. Haya hayatoki mpaka uyaue.

"Kwa hiyo niliyafungia kwenye mfuko pamoja na chakula," Bechar akasema.

"Uliyafungia na karamu, ami."

Alifikiri sana juu ya jambo hilo. Kitu ambacho alikidharau kwa unyonge kilikuwa kimekula suruali ya pamba nzito bila yeye kusikia hata mlio. Mtu aliyeishi na ngurumo tangu ujana, nadhani hilo ndilo lililomgusa. Kuanzia wiki hiyo hakuna aliyekuwa mkali kama yeye kuhusu maji ya moto ya mwisho. Alisimama na kipimajoto kama mganga, na ukigusa bomba bila ruhusa yake unapata hotuba. Nilofar alipomwuliza mbona siku hizi haimbi, akasema anawaachia nafasi wenye sauti. Akaimba siku ya tatu. Tulizoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye jogoo.

Mawe yakaisha kiwandani, lakini mtaro ulibaki. Nyuma ya viwanda vyetu kuna mtaro unaopokea maji ya madobi wote wa Narol, na maji hayo ni buluu. Nyati wa maziwa wa Wabharwadi, wafugaji wanaochunga pale, walikuwa na matumbo ya buluu, na mtoto akiulizwa shuleni nyati ana rangi gani alijibu kulingana na anakoishi. Ofisi ya mazingira ikatoa onyo kwamba kiwanda kitakachoendelea kumwaga rangi kitafungwa. Kirtibhai akamwita tena Nilofar.

Safari hii alikuja na magunia. Ndani yake mlikuwa na makapi ya miwa na maranda ya seremala, yameshikana kwa nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Hii ni kuvu nyingine, akasema, ile inayoozesha magogo msituni, na mate yake hayana habari na pamba. Yenyewe yanavunja rangi. Magunia yananing'inizwa kwenye matangi, maji machafu yanapitishwa taratibu katikati yake, na nili inakatika vipande vipande mpaka buluu inapotea. Shida yake ni kwamba inataka mtu wa kuilea. Isikauke, isipate joto kali, isikose hewa, ipewe makapi mapya.

Kirtibhai akamtazama Bechar, na sote tukatazama sakafu.

Alilichukulia vibaya. Nilisikia kupitia ukuta: kutoka fundi mkuu wa mashine hadi yaya wa mtaro. Hansaben akamwambia mtu aliyefilisi suruali moja kwa mate anafaa kabisa kuaminiwa matangi. Akaenda, amenuna. Na haukupita mwezi, yule mtu akawa anatoka nyumbani kabla ya chai. Aliyaita magunia wapangaji. Alipita kwa wauza juisi ya miwa wote wa njia panda akikusanya makapi, akiyachemsha kwa mvuke wa boila kabla ya kuyatumia, akayachagua kama alivyokuwa akiyachagua mawe. Ukimwuliza hali, anakueleza hali ya wapangaji. Hansaben alilalamika kwangu kwamba watoto wake wawili walikua bila baba yao kujua wanalala saa ngapi, na sasa anaamka kuhofia gunia lisipate baridi.

"Naona wivu wa kuvu, Jasu," akasema. "Mimi, mwanamke mwenye meno yangu yote."

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Mvua ilinyesha usiku na mchana, na asubuhi moja mtaro ukaanza kurudi nyuma, ukipanda kuelekea matangi. Maji ya mtaro yalikuwa na kila kitu: dawa ya kupausha nguo, mafuta ya gereji, chumvi ya madobi wengine. Yakiingia kwenye matangi, wapangaji wote wamekufa. Kirtibhai alikuwa safarini Surat na barabara imekatika. Nilofar kwenye simu alisema tu, yaokoe unayoweza, ami, yapeleke pakavu penye hewa.

Pakavu pa Narol siku hiyo palikuwa pachache. Nyumba zetu, ambazo zimejengwa kwenye kilima kidogo cha takataka za zamani, zilikuwa mojawapo. Bechar alikokota mkokoteni wa mzigo mwenyewe, maji yakiwa magotini, na sisi wa meza ya ukaguzi tukisukuma nyuma. Alipoanguka alianguka chali ili gunia libaki juu ya kifua. Tukayaingiza nyumbani kwake yote: chini ya kitanda, juu ya kitanda, jikoni, pembeni ya kabati la miungu. Hansaben hakuwepo. Alikuwa Anand kumwona yule mpwa, aliyekuwa mjamzito, na treni zilikuwa zimesimama.

"Utamwambia nini?" nikamwuliza.

Bechar alikuwa anapapasa gunia kuona kama limeloa. "Nitamwambia ni wageni."

Sasa, gunia lile ukilitoa kwenye maji ya rangi ukaliweka kwenye hewa safi na ubaridi wa mvua, kuvu iliyomo inapata wazo jipya. Mvua zilipokatika na Hansaben akarudi, nilikuwa nje naanua nguo. Niliona anaweka mfuko wake chini mlangoni, anavua viatu, anaingia. Nikaacha nguo nikaenda.

Kila gunia lilikuwa limechanua. Kila penye tundu, uyoga ulikuwa umetoka kwa mafungu, mweupe wa rangi ya malai ya maziwa, mpana kama masikio, mwingine mkubwa kama sahani. Ulikuwa juu ya kitanda. Ulikuwa umechungulia kutoka chini ya kitanda. Fungu moja zuri kabisa lilikuwa limeota likaegemea kabati la miungu, kana kwamba limekuja kusali. Ujue kwetu uyoga tunauita kofia ya paka, na katika ukoo wa Hansaben haujawahi kuvuka kizingiti, wala kwa kula wala kwa kutajwa.

Bechar alisimama katikati, kikombe cha maji ya kunyunyizia mkononi.

"Baba Alpa," akasema Hansaben taratibu, "kuna kofia za paka mbele ya miungu."

"Sikujua wataota."

"Kitandani mwangu pia."

"Upande wangu ni wengi zaidi," Bechar akasema. "Nimehesabu."

Hansaben akakaa kwenye kigoda. Akautazama ule uyoga muda mrefu. Mimi mlangoni nilikuwa najiandaa kuamua ugomvi. Akanyoosha kidole, akaugusa mmoja, kwa ncha tu, jinsi unavyogusa shavu la mtoto asiye wako. Akauliza unakula nini. Bechar akamwambia: makapi ya miwa, na nili. Akauliza nili yote ile imekwenda wapi, mbona wao ni weupe. Bechar akaweka kikombe chini, akachuchumaa mbele yake, akaanza kumweleza habari za mate, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami nikarudi kwenye nguo zangu kwa sababu ghafla nilijiona niko mahali pasiponihusu.

Hansaben akaihamisha miungu kwenye rafu ya juu, akayapa magunia ruhusa ya kukaa mpaka ardhi ikauke. Kwa siku zilizobaki nyumba yao ikawa kama maonyesho. Mtaa mzima ulipita kutazama, na aliyekuwa anaeleza alikuwa Hansaben, amesimama na fimbo ya kufagilia, akionyesha nyuzi nyeupe, akiwakaripia waliotaka kuchuma. Nilofar alikuwa amempigia na kumkataza: hawa wamekula rangi ya kiwandani, asile mtu wala mbuzi. Hansaben alilisema hilo kwa kila mgeni kana kwamba kulikuwa na hatari kwamba yeye mwenyewe angeonja.

Magunia yakarudi kwenye matangi. Mawili hayakupona, na Bechar aliyasikitikia waziwazi. Mengine yakashika kazi, na watu wa ofisi ya mazingira walipokuja walichota maji ya mwisho kwenye glasi wakayanyanyua juani. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Siyo maji ya kunywa, mmoja wao akasema, lakini siyo buluu. Kiwanda hakikufungwa. Mtaro wenyewe bado ni buluu, maana madobi wengine wako juu yetu na wanamwaga walichonacho, na nyati bado wana matumbo ya kutiliwa shaka.

Ila wameanza kuja. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa kiwanda cha jirani, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mlangoni pa akina Bechar na debe tupu mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba mtindi kidogo wa kugandishia maziwa yake. Alisema amesikia hapa mtu anaweza kupata kipande cha kuanzia. Bechar alikuwa kazini. Hansaben akamwangalia kutoka juu hadi chini, akapokea debe.

"Utaifuga wapi?"

"Kiwandani, dada."

"Na mvua ikija?"

Yule bwana hakuwa amefikiria mvua.

"Nenda kwanza kamwulize mkeo," Hansaben akasema, akamrudishia debe. "Akikubali, uje kesho asubuhi. Na uje naye."